WATAFITI WANATAFUTA NINI NJOMBE?

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI, ukishuka katika stesheni ya Makambako asubuhi ya mwezi Juni, jambo la kwanza litakalokupokea ni baridi. La pili ni njia. Hapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo hapo huanzia barabara ya Njombe na Songea. Katikati ya wauza viazi, madereva wa malori na akina mama wenye vikapu, mara moja moja utamwona mgeni wa namna nyingine. Pengine amebeba daftari, pengine kinasa sauti, pengine nyundo ndogo ya kupasulia mawe. Ukimwuliza shughuli yake, atakujibu kwamba amekuja kufanya utafiti.

Neno hilo huwachekesha wengi. Katika nyumba zetu mazungumzo ya namna hii si mageni: "Mtoto amefaulu vizuri, lakini anataka kusoma historia. Je, historia itamlisha?" Daktari tunamheshimu, na mhandisi vilevile. Lakini mtu anayewauliza wazee habari za mwaka 1905, au anayeandika vitenzi vya Kibena daftarini, twamwona kama mtu aliyekosa kazi. Leo basi tuutazame mkoa huu mmoja, tuone kama dharau hiyo ina msingi.

MIFUPA NA KIMA

Tuanze na mambo ya kale kabisa. Kusini, mahali Ludewa inapopakana na Ruvuma, mto Ruhuhu huteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Miamba ya bonde hilo huitwa na wataalamu matabaka ya Manda. Katika miaka ya 1930, Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliokota humo mifupa ya mnyama asiyejulikana. Katika miaka ya 1950 mwenzake, Alan Charig, aliichunguza, lakini maelezo rasmi hayakutoka. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2012 ndipo mnyama huyo alipotangazwa kwa jina la Nyasasaurus. Aliishi yapata miaka milioni 243 iliyopita, na huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au walau ndugu yao wa karibu. Mnyama mwingine wa bonde hilo, aliyetangazwa mwaka 2010, alipewa jina lenye maneno yetu wenyewe: Asilisaurus kongwe.

Mfupa huo haujazi tumbo la mtu. Walakini unatufundisha subira: lililookotwa na mmoja lilikuja kueleweka kwa macho ya wengine, baada ya miaka themanini hivi.

Sasa tupande juu hadi uwanda wa Kitulo, Makete, ambao wenyeji wengi huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 uwanda huo ulifanywa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya maua yake. Kabla ya hapo wataalamu wa mimea walikuwa wamekwisha kuonya kwamba viazi vya maua ya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa mamilioni kila mwaka katika nyanda hizi za juu na kupelekwa Zambia kuwa chakula. Tazama jinsi mtaalamu wa maua alivyojikuta akihesabu magunia na kuuliza bei kama mchumi.

Katika misitu iliyo karibu na uwanda huo ndimo anamoishi kipunji. Wawindaji wa upande wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyo, nao wanasayansi wakadhani pengine ni kisa tu. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao, mwaka 2005 wakamtangaza duniani, na mwaka 2006 wakamtengea ukoo wake peke yake katika elimu ya wanyama. Magazeti ya nje yaliandika kwamba amegunduliwa. Lakini, msomaji, mnyama mwenye jina amekwisha kujulikana na aliyempa jina hilo. Mtaalamu wa wanyama alifika kwa kima kwa kuwa alikubali kwanza kuwasikiliza watu.

WAZEE NA MANENO

Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Kibena chini ya Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Kwa miaka mingi habari za vita vile zilisomwa zaidi katika maandishi ya Wajerumani na wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini katika nchi za Maji Maji kuandika masimulizi ya wazee ambao bado walikuwa hai. Kazi hiyo isingengoja, kwani mzee akifa haachi nakala.

Mwaka huo huo Mmarekani James Graham alikamilisha tasnifu yake juu ya kazi za mshahara katika wilaya ya Njombe, kuanzia 1931 hadi 1961. Hao ndio watu walioitwa manamba, waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali huku wake zao wakibaki na jembe. Mwaka 2005 James Giblin alichapisha kitabu kizima juu ya familia za Njombe katika karne ya ishirini. Na mwaka 2011 Michelle Morrison alimaliza kuandika sarufi ya Kibena.

Utauliza: sarufi hiyo na habari za manamba zina msaada gani kwa mgonjwa aliyelala hospitalini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo Njombe humu humu.

DAKTARI ALIPOKWAMA

Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hakuna mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa zaidi nchini. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2005 na 2007, majaribio ya kitabibu yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalikuwa yamethibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Haimkingi kabisa, lakini humpunguzia. Mwaka 2009 Serikali ikaanza kueneza huduma hiyo.

Kufikia katikati ya mwaka 2012, wavulana na wanaume zaidi ya 110,000 wa Iringa na Njombe walikuwa wamekwisha kutahiriwa. Hesabu hiyo ilipendeza, lakini ilikuwa na kasoro: asilimia 85 kati yao walikuwa chini ya miaka 19. Wanaume wazima, wenye wake na watoto, hawakuja.

Kwa nini? Hakuna kipimo cha damu kiwezacho kujibu swali hilo. Watafiti walikaa na watu 142, wanaume kwa wanawake, katika makundi 16, wakawasikiliza. Wakaambiwa kwamba baba mzima huona aibu kupanga mstari mmoja na watoto wadogo. Wengine waliona kwamba tohara imempita mtu aliyekwisha kuoa na kuzaa. Wengine walihofia kukosa kipato siku za kuuguza kidonda, na wengine kwamba mwenzi angetoka nje ya ndoa katika majuma ya kungoja. Basi tatizo halikuwa kisu wala dawa, bali heshima ya mtu na amani ya nyumba, na mambo hayo yana wataalamu wake.

BAKULI LA UJI

Ndugu msomaji, lipo swali jingine ambalo halijapata jibu kamili, nalo ni zito kuliko yote. Njombe ina mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 50.4 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa taifa zima kiwango kilikuwa asilimia 30. Nusu ya watoto, katika nchi ya shibe!

Mweke mtoto mmoja wa aina hiyo mbele yako, na bakuli lake la uji, uwaite wataalamu. Daktari atauliza mtoto ameugua mara ngapi. Mtaalamu wa lishe atauliza ndani ya uji mna nini zaidi ya mahindi. Mkemia atataka kuyapima mahindi yenyewe, maana uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro ulihusisha sumu ya ukungu wa mahindi na kukua hafifu kwa watoto. Mchumi atauliza ni chakula gani kimebaki nyumbani baada ya lori kuondoka Makambako. Mwanahistoria atauliza tangu lini mama wa Njombe amekuwa akilima peke yake, na nani hukaa na mtoto. Naye mtaalamu wa lugha atahakikisha kwamba bibi mwenye mwiko anaulizwa na kujibiwa kwa maneno anayoyaelewa.

Mfukuze mmoja wao mlangoni, na sehemu moja ya jibu itaondoka naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akikuambia kwamba anapenda mawe, au maua, au hadithi za wazee, usimkatishe tamaa. Mwulize tu swali moja: utakayoyajua utayarudisha kwa nani? Na wewe unayeishi Njombe au Makambako, mgeni mwenye daftari akibisha hodi, mkaribishe na umjibu kwa ukweli. Lakini kabla hajaondoka, mwombe akuahidi kwamba atarudi kukueleza alichokipata. Hiyo ni haki yako, kwa kuwa maarifa hayo yalianzia barazani kwako.