Usiogope yoga kwa sababu ya mwili kukakamaa

JE, umewahi kualikwa na mwenzako kazini mkafanye yoga, ukakataa kwa kuwa huwezi hata kuinama ukagusa vidole vya miguu? Wengi hudhani zoezi hili ni la watu wanaojikunja kama kamba. Kufikiri hivyo ni sawa na mgonjwa kukataa kwenda hospitali hadi apone kwanza.

Mwalimu mashuhuri wa yoga, B.K.S. Iyengar wa India, alianza mwaka wa 1934 akiwa kijana mnyonge aliyekwisha kuugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Viungo vyake vilikuwa vigumu. Alifariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 95. Ndiye aliyeeneza matumizi ya mikanda, viti na vipande vya mbao kumsaidia asiyeweza kufika chini. Kwa hivyo, mkono wako usipofika sakafuni, uweke juu ya kiti. Hujakosea.

Dhana ya pili ni kwamba yoga ni ya wanawake. La hasha! Huko India, kwa karne nyingi waliojulikana zaidi kwa zoezi hili walikuwa wanaume.

Wengine huhofia dini. Ni kweli kwamba yoga ina mizizi katika imani za kale za India. Hata hivyo, madarasa mengi siku hizi hufundisha mikao ya mwili na namna ya kupumua tu. Muulize mwalimu mapema anafundisha nini, kisha uamue mwenyewe.

Je, ni starehe ya matajiri? Hapa Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka wa 2007, limewafunza ualimu wa yoga vijana wengi kutoka mitaa ya mabanda. Nyumbani, unachohitaji ni nguo zisizobana na mkeka usioteleza.

Kwa nini ujisumbue? Ikiwa wewe hushinda umeketi ofisini, kisha ukakaa saa nzima ndani ya matatu kwenye msongamano, huenda unayajua maumivu ya kiuno. Mwaka wa 2017, chama cha madaktari cha American College of Physicians, nchini Marekani, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu muda mrefu.

Tahadhari pia. Ikiwa una mimba, shinikizo la damu, ugonjwa wa macho wa glakoma au uliumia mgongo, muone daktari kwanza, na umweleze mwalimu hali yako. Mikao ya kuweka kichwa chini haimfai kila mtu. Kuhisi misuli ikivutika ni kawaida, lakini maumivu makali ni ishara ya kuacha mara moja. Usishindane na jirani yako.

Anza na dakika 10 asubuhi, kabla ya kunywa chai. Simama wima, pumua polepole kupitia puani, inua mikono, kisha iname ukiwa umekunja magoti kidogo. Rudia siku inayofuata. Wahenga walisema, mwanzo kokochi mwisho nazi.