Paka aliugua, kuku hakuugua: Jibu limo ndani ya seli

Mwanzoni mwa Aprili 2020, vipimo vilithibitisha kuwa Nadia, chui milia jike wa bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, ana virusi vya korona. Alikuwa na kikohozi kikavu, na iliaminika kuwa aliambukizwa na mhudumu wa bustani asiye na dalili. Novemba mwaka huohuo, Denmark iliamuru minki wote wanaofugwa kwa manyoya nchini humo wauawe, zaidi ya milioni 15, baada ya virusi kuenea mashambani na kurudi tena kwa binadamu.

Huko China, watafiti wa mifugo wa Harbin walikuwa wamewapima wanyama kadhaa kwa kuwapa virusi hivyo makusudi. Paka na fereti waliambukizwa kwa urahisi, mbwa kwa shida. Nguruwe, kuku na bata hawakuambukizwa. Virusi vilikuwa vilevile, basi tofauti ilitoka wapi?

Virusi vya UVIKO-19 havivamii seli yoyote vinayokutana nayo. Kwanza hujishikiza kwenye protini ya juu ya seli iitwayo ACE2. Kisha protini nyingine, TMPRSS2, huikata miiba ya virusi ili utando wa virusi uungane na wa seli. Seli yenye protini zote mbili ndiyo iliyo hatarini zaidi. Karibu kila seli ya mnyama ina jeni zake zote, lakini seli ya ini huwasha zinazoihusu, ya figo zake, na ya pua zake. Kwa hiyo kujua kwamba mnyama ana jeni ya ACE2 hakutoshi. Swali ni seli gani imeiwasha, na kama imewasha na ile ya pili.

Jeni iliyowashwa hutoa nakala zake, ambazo ni RNA. Kwa miaka mingi, wanasayansi walisaga kipande kizima cha pafu na kupima RNA yote kwa pamoja. Hali ilikuwa kama ya unga wa lishe: unajua umo ulezi, mahindi na soya, lakini punje huwezi tena kuzichambua. Pafu lingeonekana lina ACE2 na TMPRSS2, kumbe kila moja imo kwenye seli tofauti.

Usomaji wa seli moja moja uliondoa kikwazo hicho. RNA ya seli moja ilisomwa kwa njia hii mwaka 2009, na kufikia 2015 ziligunduliwa mbinu za kusoma maelfu ya seli kwa mkupuo. Tishu hulainishwa hadi seli ziachane, kisha kila seli hufungiwa ndani ya tone dogo sana la maji linaloelea kwenye mafuta, pamoja na chembe yenye alama yake ya pekee. RNA yote ya seli hiyo hubandikwa alama hiyo. Baadaye RNA zote husomwa pamoja, na kompyuta huzirudisha kila moja kwa seli ilikotoka. Zipo pia mbinu zinazosoma kiini cha seli peke yake, hata kwa tishu iliyogandishwa. Hilo ni nafuu kubwa kwa wanyamapori, ambao sampuli zao mara nyingi hukusanywa mbali na maabara.

Kwa njia hiyo, timu ya watafiti wa China ilichunguza viini vya seli za wanyama wa aina 11, wakiwemo paka, mbwa, mbuzi, sungura, bata, njiwa, kakakuona na chui milia, na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Katika ripoti yao ya awali ya 2020 walieleza kuwa paka alikuwa na sehemu kubwa zaidi ya seli zenye jeni zote mbili kuliko wanyama wengine waliochunguzwa. Kwa binadamu, uchunguzi wa seli moja moja ulionyesha jeni hizo zimewashwa kwenye seli za ndani ya pua, jambo lililosaidia kueleza kwa nini ugonjwa husambaa haraka.

Hata hivyo, ramani hii ya seli na jeni zilizowashwa haitoi hukumu ya mwisho. Panya wa maabara ana ACE2, lakini ya kwake haikushikika vizuri kwa virusi vya mwanzo. Aina zilizozuka baadaye, zenye mabadiliko madogo kwenye mwiba, ziliweza kumwambukiza. Nguruwe ana ACE2 inayoshikika, na bado alishinda jaribio la Harbin. Tena mbinu hii husoma RNA, haioni sukari za juu ya seli ambazo virusi vya mafua hujishikiza kwazo. Mafua ya ndege ya H5N1 yalipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani mwaka 2024, ilibidi tishu za kiwele zipakwe rangi maalumu ili sukari hizo zionekane.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Virusi vya Marburg, vilivyozuka Kagera mwaka 2023, huishi ndani ya popo wa matunda wa mapangoni bila kumwangusha, ilhali katika baadhi ya milipuko vimeua hadi asilimia 88 ya watu walioambukizwa. Watafiti wameanza kusoma seli za kinga za popo huyo moja moja ili kuelewa jinsi anavyostahimili maradhi.

Thamani ya mbinu hii ni kutuonyesha mnyama wa kupimwa kwanza, na kiungo cha kuchukulia sampuli. Lakini ramani haiwezi kuonyesha mnyama ambaye hajasomwa. Serikali na vyuo vyetu vikuu viwekeze katika maabara za kusoma seli za popo, ngamia na mifugo yetu sasa, kabla mlipuko mwingine haujabisha hodi.