Gego Dogo Lashika Mahali pa Jino la Mbele

Mtoto wa miaka 11 aangukapo katika mchezo, jino la mbele likang'oka na kupotea, wazazi wake huingiwa na huzuni, kwa kuwa jino hilo halioti tena. Jino la bandia la kukomewa katika mfupa, ambalo mtu mzima huweza kuwekewa, halimfai mtoto: taya lake lingali likikua, na jino la chuma halisogei pamoja nalo, hata baada ya miaka michache likaonekana limezama. Yako maarifa mengine, nayo ni kumhamishia jino lake mwenyewe.

Wazo la kuhamisha meno si geni. Katika karne ya 18 John Hunter, tabibu mashuhuri wa London, alipandikiza jino la mtu katika upanga wa jogoo, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, likashika. Matajiri wakanunua meno ya maskini. Mwaka 1787 Thomas Rowlandson alichora picha ya mambo hayo: kijana msafisha mabomba ya moshi ang'olewa jino apewe bibi tajiri, na watoto waliokwisha kung'olewa watoka mlangoni wameshika mashavu. Ilikuwa biashara ya aibu, tena ya hasara, maana meno yale hayakudumu, na baadhi ya wanunuzi waliambukizwa maradhi.

Siku hizi hanyang'anywi mtu. Daktari hutwaa gego dogo la mtoto yule yule, hasa kama meno yake yamebanana na moja lingeng'olewa kwa vyovyote. Wakati ufaao ni mzizi ufikapo nusu hadi robo tatu ya urefu wake. Ncha ingali wazi, na mishipa ya damu huweza kuingia upya. Slagsvold na Bjercke wa Oslo, nchini Norway, waliandika habari za kuhamisha meno ya namna hiyo mwaka 1974. Jino likishashika, hurekebishwa umbo mpaka lifanane na jirani yake.

Siri yote iko katika ngozi nyembamba inayofunika mzizi. Ikifa, mwili huula mzizi polepole. Kwa hiyo hata jino lililoanguka mavumbini, kama si la utotoni, lisikwaruzwe wala kufungwa katika karatasi. Lishikwe upande ule uonekanao mdomoni, lisuuzwe upesi kwa maziwa, lirudishwe tunduni. Au litiwe katika kikombe cha maziwa mpaka kwa daktari. Likikaa kavu dakika 60, ngozi hiyo karibu yote imekwisha kufa.