Mkwaju na mkwaju nyuma katika njia za faili

Njia ya faili ni mfuatano wa majina unaoonyesha mahali faili ilipohifadhiwa katika kompyuta. Majina hayo hutenganishwa kwa alama, na alama hiyo hutegemea mfumo endeshi. Linux na macOS hutumia mkwaju (kamusi/nakala/tafsiri.txt), ilhali Windows kwa kawaida hutumia mkwaju nyuma (kamusi\nakala\tafsiri.txt). Katika maandishi ya kila siku mkwaju huwa na maana ya "au", kama katika "mwalimu/mwanafunzi". Katika njia ya faili maana yake ni "ndani yake mna".

Asili ya tofauti

Mfumo wa Unix, ulioasisiwa nchini Marekani mwaka 1969, hutenganisha folda kwa mkwaju. Toleo la kwanza la MS-DOS, la mwaka 1981, halikuwa na folda, na mkwaju ulitumika kutanguliza vibainishi vya amri. Folda zilipoingizwa katika toleo la 2.0 mwaka 1983, mkwaju ulikuwa umekwisha kupewa kazi nyingine, hivyo ukachaguliwa mkwaju nyuma. Windows ilirithi desturi hiyo.

Athari katika uundaji wa programu

Zana za kuunda programu, kama vile Make na CMake, husoma orodha ya faili na kuratibu hatua za kuzigeuza kuwa programu kamili. Njia iliyoandikwa kwa mkwaju nyuma huweza kukwamisha kazi hiyo. Kwanza, katika Linux alama hiyo si kitenganishi, bali huweza kuwa sehemu ya jina. Basi kamusi\nakala\tafsiri.txt huchukuliwa kuwa jina la faili moja, ambayo haipo.

Pili, lugha nyingi za kuandikia programu huutumia mkwaju nyuma kubadili maana ya herufi inayoufuata: \n ni mstari mpya na \t ni nafasi ya kichupo. Ndani ya matini ya programu, mfano uleule husomwa "kamusi", kisha mstari mpya, kisha "akala", kisha nafasi, kisha "afsiri.txt". Maneno ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi n na t ni mengi, kwa hiyo kosa hili si la nadra.

Tofauti nyingine ni mbili. Linux hubainisha Picha na picha, lakini Windows na macOS, kwa mpangilio wao wa kawaida, hazibainishi. Aidha, ritifaa ya jina kama ng'ombe.txt, isipokingwa, husomwa na kifasiri cha amri cha Unix kama mwanzo wa nukuu, na amri huharibika.

Utatuzi

Katika faili za CMake, njia huandikwa kwa mkwaju katika mifumo yote, na zana hiyo hubadilisha umbo pale inapohitajika. Python, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, ina moduli ya pathlib, inayounganisha majina kwa kitenganishi cha mfumo husika. Inafaa pia kuanzia njia kwenye folda ya mradi badala ya C:, kwa kuwa herufi za diski hazimo katika Linux wala macOS.

Mwongozo wa matumizi

Mfasiri wa mwongozo wa programu afasiri maelezo na aiache njia ya faili kama ilivyo. Akigeuza "docs" kuwa "nyaraka", akibadili herufi ndogo kuwa kubwa au akiongeza nafasi kando ya mkwaju, msomaji atakayenakili amri hiyo hataipata faili. Mwalimu anayesoma njia kwa sauti ataje "mkwaju" au "mkwaju nyuma" waziwazi. Neno "mstari" halitoshi, kwa kuwa halionyeshi alama imeinamia upande gani.