Miguu Kuvimba Jioni: Ultrasaundi Huona Nini?

Umewahi kuvua viatu jioni ukakuta alama ya soksi imechimbika mguuni, ilhali asubuhi haikuwapo? Walimu, wauza duka, mafundi cherehani na sisi wauguzi twaijua hali hii. Wengine huogopa figo au moyo. Kumbe kwa mtu mwenye afya, mara nyingi ni maji yaliyoshuka tu.

Ukisimama au kukaa muda mrefu, damu huielemea mishipa ya miguuni, na maji yake huchujika na kuingia chini ya ngozi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu: kila hatua huikamua damu irudi juu. Usipotembea, pampu hiyo imelala.

Uvimbe huu hupimwaje? Kidole huacha shimo, lakini uvimbe mdogo hukipita. Utepe hupima mguu mzima bila kuonyesha maji yalipo. Hapo ndipo ultrasaundi inaposaidia. Sikio letu hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kupima ngozi hutumika milioni 10 au zaidi. Sauti hiyo husafiri mwilini kama mita 1,540 kwa sekunde, na kila ikigonga mpaka wa ngozi, mafuta au msuli, hurudi kama mwangwi. Mashine huhesabu muda wa mwangwi na kutoa unene kwa milimita. Maji huonekana meusi. Haiumi, wala haina mionzi kama eksirei.

Mpimaji hupima mahali palepale asubuhi na jioni, akipaka jeli ya kutosha na bila kukandamiza, kwani akikandamiza huyasukuma maji yaleyale anayoyatafuta. Kwa njia hii watafiti huweza kujua kama soksi za kubana au mazoezi yanasaidia.

Wewe huna haja ya kulipia kipimo hicho kwa uvimbe unaokwisha usiku. Tembea kidogo kila baada ya muda, na jioni inua miguu juu ya mto.

Lakini usikae nyumbani ikiwa mguu mmoja umevimba ghafla na unauma: huenda damu imeganda katika mshipa, na ultrasaundi hutumika kuitafuta. Fika hospitali mara moja pia ukikosa pumzi, au ukiwa mjamzito mwenye kuumwa kichwa sana, kuona ukungu au kuvimba uso. Na uvimbe usiopungua asubuhi, mwonyeshe daktari.