Ya Jana na ya Kesho: Unawaza Yapi Zaidi?

Ndugu mkazi wa kambi,

Mtu aliye kwake kwa kawaida huwaza zaidi yajayo: mvua, mavuno, karo ya watoto. Aliyekimbia hurudishwa nyuma na mawazo, hasa usiku. Huo si wazimu wala udhaifu. Kwa wengi hali hiyo hupungua polepole, wakipata usalama, kazi na watu wa kuzungumza nao. Ukikosa usingizi kwa wiki nyingi, au ukishindwa kazi zako za kila siku, nenda zahanati ueleze.

Hatukuambii usahau. Yaliyopita yana kazi. Warundi wengi waliokimbia mwaka 1972, waliporudi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya kushughulikia migogoro hiyo ya ardhi. Katika mgogoro kama huo mtu huulizwa: shamba liko kilima gani? Linapakana na la nani? Mzazi akifariki bila kusema, watoto watajibu nini?

Kwa hiyo, fanya haya wiki hii:

1. Andika jina la kijiji chako, mipaka ya shamba na majirani mliopakana nao. Usiyejua kuandika, mwombe mtu unayemwamini.
2. Wasomee watoto wako ulichoandika, mpaka wakijue.
3. Mtoto aliyezaliwa hapa kambini, hakikisha ameandikishwa. Karatasi yake itunze mahali pasipovuja.