Kinasi, Kizuizi na Kinga: Maneno Matatu ya Tiba

Mgonjwa atokaye Kibaha au Kisarawe, akionekana kuwa na saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi, aghalabu hupelekwa Dar es Salaam, ambako katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa huo umepata kutibiwa kwa imatinibu. Dawa hiyo ni kizuizi cha kinasi, na humezwa kila siku kwa miaka mingi. Asiyeelewa kazi yake aweza kuiacha mara apatapo nafuu, na ugonjwa ukamrudia. Kwa hiyo maana ya maneno haya si jambo la wataalamu peke yao.

Kinasi ni jamii mojawapo ya vimeng'enya. Jina hili la jumla limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja, nalo lafaa kwa vimeng'enya vya mate na vya utumbo. Kwa kinasi, hata hivyo, jina hilo lapotosha. Kinasi haivunji kitu, bali huipachika protini fosfati, na kwa kupachikwa huko protini huamka au hulala. Hivyo ndivyo seli ipatavyo amri ya kukua, kugawanyika au kutulia.

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa saratani hiyo. Baadaye ilibainika kuwa vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali, pakazaliwa kinasi isiyotulia, itoayo amri ya kugawanyika usiku na mchana. Mwaka 1996 Brian Druker na wenzake walitangaza majaribio yaliyofanywa katika vyombo vya maabara: seli zenye kinasi hiyo zilitiwa dawa, zikadidimia, hali seli za kawaida hazikudhurika sana. Mwaka 2001 imatinibu ilipata kibali Marekani.

Lakini seli za kinga nazo hutumia kinasi. Mwaka 1952 Ogden Bruton alieleza habari za mtoto aliyeugua mara kwa mara, ambaye damu yake haikuwa na protini za kupigana na vijidudu. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba asili ya ugonjwa wa namna hiyo ni hitilafu ya kinasi moja, nayo ikaitwa kwa jina la Bruton. Kwa sababu hiyo dawa mpya hujaribiwa pia juu ya seli nyeupe zilizotolewa katika damu ya mtu mzima wa afya: huchochewa, hutiwa dawa kwa vipimo mbalimbali, kisha hutazamwa kama zingali zikigawanyika na kupelekeana ishara. Katika nchi ya pwani, penye malaria na kifua kikuu, jambo hilo si dogo.

Limebaki neno kizuizi. Katika mazungumzo ya kila siku, dawa ya kuzuia malaria ni ile inywewayo kabla ya kuugua, na dawa ya kinga ni hivyo hivyo. Kizuizi cha kinasi, kinyume chake, hupewa aliyekwisha kuugua. Istilahi yenyewe yaweza kubaki ilivyo vitabuni. Bali mgonjwa na aambiwe kwamba dawa hiyo huziba mdomo wa mtoa amri, na kwamba mdomo huo, ukiachwa, waweza kunena tena.